TMS kwa sonona iliyogoma kusikia dawa: namna ya kujiandaa, kukaa kwenye kiti na kumaliza wiki zote

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ameshameza dawa ya kwanza ya sonona, akabadilishiwa ya pili, pengine na ya tatu, na bado kutoka kitandani asubuhi ni vita, na sasa daktari kamtajia kitu kinaitwa TMS, tiba ya kuamsha ubongo kwa sumaku, katoka ofisini na kikaratasi mkononi hajui aanzie wapi. Mimi naishi Minnesota, Marekani, nimepitia hii tiba mwenyewe, na maswali wanayoniuliza ndugu na marafiki ni yale yale kila siku. Nimeona niyaweke yote sehemu moja tena kwa Kiswahili, maana ukiwa na sonona kichwa hakina nguvu ya kusoma kurasa na kurasa za Kiingereza cha hospitali.

Kitu kimoja kishike mapema: ile mashine yenyewe sio ngumu. Watu wengi wanakwamia kwenye makaratasi ya bima kabla hawajaanza, au wanakatia njiani wiki ya tatu kwa sababu hawajaona mabadiliko na kazini wanawasumbua. Nguvu zako kidogo ulizonazo peleka huko, kwenye makaratasi na kwenye kuhudhuria.

Hii TMS ni nini hasa

Ni sumaku. Kuna koili, yaani waya uliozungushwa, wanaiweka juu ya kichwa chako, umeme unapita ndani ya hiyo koili kwa mapigo mafupi sana, kila pigo linazalisha nguvu ya sumaku inayokaribiana na ile ya mashine ya MRI, ila hii imelenga sehemu ndogo tu. Inapita kwenye fuvu bila kuchana wala kuchoma kitu, inaamsha seli za ubongo zilizo kama sentimita 2 au 3 kutoka juu. Kwa sonona wanalenga mbele upande wa kushoto, nyuma kidogo ya paji la uso, sehemu ambayo kwa wengi wetu tunaoumwa huwa inafanya kazi chini ya kiwango, na ndo imeungana na sehemu za ndani zinazoendesha hisia. Ikiamshwa kila siku, wiki baada ya wiki, ule mtandao unaanza kurudi kwenye mwendo wake.

Sio kitu cha majaribio. Anthony Barker na wenzake walitengeneza mashine ya kwanza Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na FDA, ile mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, iliiruhusu kwa sonona Oktoba 2008. Uingereza nao taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo wa kuiruhusu 2015, ingawa kuipata kwenye hospitali za serikali kule inategemea unakaa wapi.

Na tafadhali usiichanganye na ile tiba ya mshtuko wa umeme. Ile wanakulaza kwa dawa ya usingizi, wanasababisha kifafa kwa makusudi chini ya uangalizi, na inaweza kukuvuruga kumbukumbu kwa muda. Hii hulali, hupewi sindano, unaongea na fundi wa mashine muda wote, ukimaliza unawasha gari unaenda kazini. Nasisitiza kwa sababu simu ya nyumbani itakuja. Mama akisikia mwanangu anapigwa umeme kichwani Marekani hatalala, na shangazi ataongezea lake. Mwambie mapema kwa maneno mepesi: mama, ni sumaku, niko macho, nusu saa narudi nyumbani, na dawa zangu naendelea nazo. Kama wanataka kukuombea waache waombe, wewe hudhuria kliniki.

Matarajio ya ukweli

Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, majibu yakatoka 2006, wakafuatilia watu kama 4,000 wenye sonona wakiwabadilishia dawa hatua kwa hatua. Dawa ya kwanza iliwaponya kama theluthi moja, ya pili karibu hivyo hivyo, lakini ya tatu ikashuka mpaka kama 14 katika kila 100. Ndo maana ukishashindwa na dawa 2 zilizotumika vizuri, wanaanza kusema sonona yako ni sugu na wanakutajia njia nyingine. Haina maana kwamba wewe ndo mgumu kupona au imani yako ndogo. Ni hivyo huu ugonjwa ulivyo kwa watu wengi mno.

Sasa TMS. Ripoti ya 2012 iliyokusanya wagonjwa 307 kutoka kliniki 42 za Marekani, watu wa kawaida kabisa kama mimi na wewe, ilionyesha 58 katika 100 walipata nafuu kubwa na 37 katika 100 dalili ziliondoka kabisa au zikabaki kidogo sana. Kwa hiyo ni tiba nzuri, lakini wapo ambao haiwasaidii na hilo ulijue kabla ya kuingia, ili ikitokea ni wewe usije ukakata tamaa ukadhani mlango wa mwisho umefungwa. Bado kuna ile ya mshtuko wa umeme, kuna dawa ya ketamini, kuna kuchanganya dawa. Milango ipo.

Kama sonona yako imefika hatua ya kusikia sauti au kuamini vitu visivyokuwepo, au umeacha kula na kunywa kabisa, mwambie daktari wazi wazi, maana hapo mara nyingi ile tiba ya mshtuko ndo inafanya kazi haraka na vizuri kuliko hii.

Wewe unafaa?

Swali kubwa ni chuma. Sumaku na chuma kilicho ndani ya kichwa au karibu na kichwa haviendani. Kama umewekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio kwa upasuaji, klipu au koili kwenye mishipa ya ubongo, betri au waya wowote ndani ya kichwa, au una kipande cha risasi au bomu kichwani au shingoni, lazima useme. Hapa naongea hasa na ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi wakapitia vita kabla ya kufika huku, najua kuna mambo mtu hapendi kuyakumbuka, lakini hii iseme hata kwa sentensi moja. Na mafundi wa kuchomelea, kama vumbi la chuma limewahi kukuingia jichoni, taja. Meno yaliyozibwa kwa kawaida hayana shida. Mwenye mashine ya moyo aanze kwa daktari wa moyo.

Swali la pili ni kifafa. Umewahi kuanguka kifafa, hata utotoni? Umewahi kuumia sana kichwa, ajali ya bodaboda ukazimia, kiharusi, malaria iliyopanda kichwani? Yote hayo yaseme. Hatari ya kupata kifafa kwenye TMS ni ndogo sana, chini ya mtu 1 katika 1,000, lakini inapanda kama historia yako ina hivyo vitu na hujavisema. Dawa nazo zinahesabika: bupropioni, kwa mfano, inashusha ule ukuta unaozuia kifafa, wengi wanaendelea nayo wakiwa kwenye TMS ila daktari lazima ajue dozi. Pombe, bangi, mirungi, taja pia, hawaiti polisi, wanapanga nguvu ya mashine. Kama unakunywa pombe kila siku usiache ghafla peke yako ili uonekane msafi siku ya kwanza, kuacha ghafla kwenyewe kunaweza kuleta kifafa.

Na la tatu, kama kuna kipindi umewahi kuwa juu kupita kiasi, hulali siku kadhaa na huchoki, unatumia hela ovyo, unaongea mpaka watu wanashangaa, sema. Inaweza kuwa ni ugonjwa wa mihemko miwili (bipolar) na hapo mpango unabadilika.

Makaratasi, hapa ndo penye kazi

Bila bima TMS inakwenda kwenye maelfu ya dola. Kwa bima inawezekana kabisa, Medicare, ile bima ya serikali ya wazee na wenye ulemavu, inalipa, bima nyingi za kazini zinalipa, Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inategemea jimbo. Lakini zote zinataka kibali kabla ya kuanza, na kibali kinataka ushahidi. Kwa kawaida wanataka kuona umejaribu dawa kadhaa za sonona, wengine 2, wengine 4, kila moja kwa dozi ya kutosha na muda wa kutosha, tuseme wiki 6 hivi au zaidi, isipokuwa kama uliacha kwa sababu ilikuletea madhara. Wengi wanataka pia uwe umejaribu tiba ya mazungumzo na mshauri.

Kwa hiyo chukua karatasi, au simu yako, andika kila dawa uliyowahi kutumia: jina, miligramu, ulianza mwezi gani na mwaka gani, uliacha lini, na uliacha kwa nini. Haikusaidia, au ilikutapisha, au ilikuondolea hamu ya tendo, andika hivyo hivyo. Kama ulianza kutibiwa nyumbani kabla ya kusafiri, labda Muhimbili au Mirembe au Mathari, dawa za kule nazo zinahesabika, amitriptilini ni amitriptilini popote. Mwombe ndugu aende na barua yako ya ruhusa akachukue muhtasari wa matibabu, wenye mhuri, akupigie picha. Ukikosa kabisa, famasi ya huku inaweza kukutolea orodha ya dawa zote walizokupa miaka ya nyuma, nenda dirishani uiombe, haichukui muda.

Bima yangu mwanzoni ilikataa. Barua ilisema rekodi hazionyeshi dozi ya dawa mojawapo. Nilipoisoma nilitaka kuacha kila kitu, na nina uhakika watu wengi wanaacha hapo, maana mtu mwenye sonona akiambiwa hapana anasikia kwamba ni yeye ndo amekataliwa. Usiache. Soma sababu iliyoandikwa, peleka karatasi inayokosekana, na mwombe daktari wako apige simu aongee moja kwa moja na daktari wa bima, hiyo njia ipo na inafungua mambo mengi. Ikishindikana unakata rufaa ndani ya bima yenyewe, na hapo nako wakikataa unaweza kuomba mtu wa nje asiye wa bima aangalie. Kliniki nyingi za TMS zina mfanyakazi ambaye kazi yake ni hiyo tu, mjue jina, mpigie kila wiki, kwa adabu lakini usimwachie.

Kibali kikitoka uliza pesa za mfukoni. Kuna kiasi unatakiwa ulipe mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza, na kuna malipo ya kila ukienda. Dola 40 kila siku mara siku 36 ni hela nyingi, na ni bora uijue leo kuliko kuletewa bili baadaye. Kuna watu wanangoja mwaka ambao tayari wameshamaliza kile kiasi cha kwanza.

Kazini nako: kama kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi na umefanya kazi mwaka mzima kwa masaa yasiyopungua 1,250, sheria ya Marekani inayoitwa FMLA inakupa mpaka wiki 12 za ruhusa bila malipo, na unaweza kuzichukua kidogo kidogo, saa moja na nusu kila siku, bila kufukuzwa. Daktari anajaza fomu. Bosi wako hana haja ya kujua ni ugonjwa gani, fomu inakwenda ofisi ya rasilimali watu.

Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani, kliniki zinazopokea pesa za serikali zinatakiwa kukupa bure. Usimtumie mtoto wako akutafsirie maswali ya kama umewahi kufikiria kujiua. Tafadhali.

Nywele, mtandio na vitu vya kichwani

Hii hamna mahali nimeiona imeandikwa, na kwa wanawake wetu ndo swali la kwanza. Koili inatakiwa ilale juu ya ngozi ya kichwa, na kila milimita inayoongezeka nguvu inapungua. Wigi linatoka. Misuko mikubwa iliyorundikwa juu, au wivingi ya kushonea iliyo nene, inainyanyua koili. Misuko midogo iliyolala chini kwa kawaida inakubalika, na kitu cha muhimu ni nywele zibaki hivyo hivyo kipindi chote, kwa sababu siku ya kwanza wanapima nguvu ya mashine wewe ukiwa na nywele hizo. Ukibadilisha katikati waambie wapime upya. Suka kabla ya kuanza, mtindo wa kukaa nao. Wenye dredi, kama ni nene waambie kwenye simu ya kwanza kabisa, wataangalia namna ya kuzigawa.

Shanga za chuma, pete za kwenye rasta, bobi pini, hereni, kipini cha pua, vyote vinatoka. Kwa wanaovaa hijabu: pini za mtandio zinatoka, na una haki ya kuomba fundi mwanamke na chumba chenye mlango unaofungwa. Omba wakati unapanga ratiba, usingoje siku ya kukaa kwenye kiti.

Siku ya kwanza

Siku hii inachukua muda mrefu kuliko zote, saa moja na kitu. Kula kabla, lala vizuri usiku wake. Wanakupa vizibo vya masikio, vaa kweli kweli, koili inapiga kelele kali. Wanakuvisha kofia ya kitambaa, wanapima kichwa kwa tepu, toka juu ya pua mpaka kisogoni, toka sikio hadi sikio, wanachora alama.

Halafu wanatafuta kidole gumba chako. Wanaweka koili upande wa kushoto, juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia, wanakwambia uulegeze mkono kwenye kiti, na wanapiga pigo moja moja wakisogeza kidogo kidogo. Unakaa pale unaangalia mkono wako mwenyewe, hujafanya chochote, na ghafla kidole gumba kinaruka. Inashangaza, wengine wanacheka, wengine inawatisha, ni kawaida kabisa. Wanapunguza nguvu mpaka wapate kiwango kidogo kabisa ambacho bado kinakirusha kidole kama nusu ya mara wanazopiga. Hicho ndo kipimo chako, cha kwako wewe peke yako, na tiba mara nyingi inatolewa kwa asilimia 120 ya hapo. Basi koili inasogezwa mbele mpaka ile sehemu ya sonona na kazi inaanza.

Ule mlio na ule mguso ni kama kigogota anadonoa juu ya kichwa chako. Kwa utaratibu wa kawaida inapiga mapigo 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, inapumzika sekunde 26, inarudia, mpaka yafike mapigo 3,000, jumla dakika 37 na nusu. Mashine nyingi siku hizi wanapunguza muda wa mapumziko na inaisha chini ya dakika 20. Kuna na aina ya mapigo ya haraka zaidi inayochukua dakika 3 tu, na usidhani hiyo ni ya kulipua: utafiti wa Kanada wa 2018 wenye watu 414 ulionyesha inafanya kazi sawa na ile ya dakika 37. Uliza kliniki yako wanatumia ipi na bima inalipia ipi. Pia kuna ya siku 5 tu, mara 10 kwa siku, ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, FDA iliipitisha 2022, ni nzuri ila bado ni ghali na sehemu chache wanayo.

Siku za mwanzo inauma kidogo, sitakudanganya. Ni maumivu ya juu juu, ngozi na msuli wa kichwa, saa nyingine jicho linapepesa au taya na meno yanagongana. Mwambie fundi hapo hapo. Anaweza kugeuza pembe ya koili kidogo tu na ile ya meno ikaisha, anaweza kuanza na nguvu ndogo akapandisha siku baada ya siku. Sisi tumelelewa kuvumilia, unang'ata meno unasema niko sawa, na hapa kuvumilia hakukusaidii chochote kwa sababu mtu anayeumia kimya kimya ndo yule asiyerudi wiki inayofuata. Kichwa kikiuma baadaye, paracetamol ya kawaida inatosha, huku inauzwa kwa jina la acetaminophen, muulize daktari kwanza kama ini lako lina shida. Kwa wengi haya yanapungua sana baada ya wiki ya kwanza au ya pili.

Wiki zinavyokwenda

Ratiba ya kawaida ni siku 5 kwa wiki, wiki 6, halafu mara 6 za mwisho zinapunguzwa taratibu: mara 3, mara 2, mara 1. Jumla 36. Chagua saa ile ile kila siku. Chagua kliniki iliyo karibu na nyumbani au kazini hata kama nyingine ina jengo zuri zaidi, kwa sababu Januari barabara za huku zikiwa barafu dakika 15 za ziada ndo zitakazokufanya ubaki kitandani. Kama tayari umekata tiketi ya kwenda nyumbani Desemba, anza ukirudi. Ukikosa siku moja au mbili kwa homa au dharura hujaharibu, zinaongezwa mwishoni, ila piga simu. Msiba ukitokea na lazima usafiri, ongea nao kabla ya kuondoka wapange namna ya kusimama na kurudi.

Usingizi. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu wengi wetu tunafanya shifti za usiku kwenye nyumba za wazee, unatoka saa 1 asubuhi hujalala, unaunganisha kliniki saa 2. Kukosa usingizi kunaongeza hatari ya kifafa na kunabadilisha kile kipimo chako. Kama unaweza badilisha shifti kwa kipindi hiki, kama huwezi basi chukua miadi ya mchana baada ya kulala, na kila ukifika hujalala mwambie fundi ukweli kabla hajawasha. Dabo shifti kipindi hiki ziache.

Usiache wala usianze dawa yoyote bila kuwaambia. Hasa dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu na lorazepamu, zinaonekana kupunguza matokeo ya TMS, na ukiziacha ghafla zinaleta hatari, kwa hiyo zote mbili ni mazungumzo na daktari. Hata antibiotiki ya jino, sema. Kahawa yako endelea nayo kiasi kile kile cha siku zote.

Kwa wanaofunga Ramadhani: ongea nao mapema. Shida hapa ni kuamka daku usingizi ukiwa nusu, na kukaa mchana kutwa bila maji. Miadi ya asubuhi baada ya kupata usingizi wa kutosha inawezekana kwa wengine, wengine daktari atashauri kusubiri mwezi uishe. Mgonjwa ana ruhusa yake, ongea na shehe wako pia kama moyo unasita.

Kwenye kiti chenyewe usilale. Ongea, sikiliza kitu, angalia nje. Mimi nilipenda kuongea na fundi, maana kwa kipindi kile alikuwa karibu mtu pekee niliyekuwa nakutana naye kila siku, na kuamka, kuvaa, kwenda mahali ambapo mtu anakusubiri kwa jina ni sehemu ya tiba pia, naamini hivyo kabisa. Kama unaye mshauri wa mazungumzo endelea naye kipindi hiki, usimsimamishe ukisubiri sumaku ifanye kazi yote.

Utajuaje inafanya kazi

Kila wiki watakupa fomu ya maswali 9, PHQ-9, alama 0 mpaka 27, 20 na kuendelea ni sonona kali. Ipo kwa Kiswahili, iombe. Jaza kwa ukweli wa wiki ile, usijaze unavyotamani iwe wala usiwapendezeshe.

Wiki 2 za kwanza watu wengi hawaoni kitu. Wiki ya 3 ndo ya hatari, umechoka kwenda, kichwa kinakwambia hata hii imeshindikana. Endelea. Wapo wanaoanza kuona mabadiliko wiki ya 4 au ya 5, na wapo wanaoyaona mwishoni kabisa. Mara nyingi wa kwanza kuona ni mtu mwingine: umejibu meseji siku ile ile, umepika badala ya kuagiza, umeuliza habari za mtoto wa mtu. Kwa hiyo chagua mtu mmoja unayemwamini, mke, mume, dada, rafiki, mwambie akuangalie akwambie anachokiona, na umwandikie daktari ruhusa ya kuongea naye.

Huyo mtu mpe na kazi nyingine. Kuna wakati nguvu za mwili zinarudi kabla ya moyo kupona, na mawazo ya kujiua yakiwa bado yapo hapo ni hatari. Akuulize waziwazi, na dawa nyingi nyingi au silaha zisikae nyumbani. Mawazo yakija Marekani piga 988 saa yoyote, unaweza kuomba mkalimani, Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, kokote kwingine nenda chumba cha dharura, na mwambie fundi wa TMS kesho yake asubuhi, hawatakufukuza kwenye tiba kwa kusema.

Ukijisikia kinyume chake, huhitaji kulala, mawazo yanakimbia, hasira za ghafla, nayo sema siku hiyo hiyo.

Baada ya kumaliza

Dawa usizitupe siku unayopiga kengele ya kumaliza. Wengi wanaendelea nazo kwa sababu zinasaidia kulinda nafuu iliyopatikana. Kwenye ufuatiliaji wa mwaka mzima wa wale wagonjwa wa ile ripoti ya 2012, kati ya waliopata nafuu, kama 62 katika 100 walibaki nayo mwaka wote, maana yake kuna ambao inawarudia, na ikirudi TMS inaweza kufanywa tena, mara nyingi walioitikia mara ya kwanza wanaitikia na ya pili. Panga na daktari miadi ya mwezi wa kwanza na wa tatu kabla hujaondoka pale, na jua dalili zako za mwanzo, mimi kwangu ni kuacha kupokea simu.

Na siku ya mwisho omba nakala ya fomu zako zote za PHQ-9, ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na ripoti inayoonyesha kipimo chako, sehemu waliyolenga na aina ya mapigo waliyotumia. Bima nyingi zikiombwa kulipia mara ya pili zinataka kuona kwamba mara ya kwanza alama zilishuka kwa nusu au zaidi, na ukihama jimbo au kliniki ikifunga, kuzitafuta hizo karatasi ukiwa umeanza kuumwa tena ni kazi kubwa sana. Piga picha, jitumie kwenye imeili yako, na mtumie yule mtu wako mmoja.